Makaa Yalikuwa Hayajalala

Migori,
3 Februari 1996

Shangazi Kultum,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba kwa jina la baba yangu, kaka yako, ufunge mlango. Usiisome barua hii mbele ya Hibo, ingawa ni binti yako na namwamini, wala mbele ya mteja aliyekuja kununua makaa. Usimwambie mtu kwamba nimekuandikia. Ukimaliza, itie jikoni na usiondoke mpaka uione imeungua yote. Sikuipeleka posta kwa sababu anayepanga barua pale ni shemeji wa Mkubwa wa ofisi yetu ya tarafa. Nimempa Mama Jedidah, yule muuza omena, dagaa wa ziwani, anayekwenda na kurudi Kendu Bay. Yeye nimemwambia ni salamu za Ramadhani tu.

Assalamu alaykum. Sisi hatujambo. Mama anafunga ingawa daktari alimkataza, na ukimkumbusha anakuuliza kama daktari naye ana mfungo wake. Dada Idil amejifungua mtoto wa kike huko Kehancha. Anataka kumwita Kultum. Mumewe anasitasita, anasema jina hilo kwa sasa lina kesi.

Kesi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Tangu ulipotoka kwa dhamana ukaenda kukaa kwa Hibo hatujazungumza, na nataka kujua kama unakumbuka ninavyokumbuka mimi.

Nilikuwa juu ya lori la ofisi siku ile ya msako kwa sababu lazima karani aandike kila kinachochukuliwa. Tulikukuta shambani kwako. Ulikuwa umelifungua tanuru asubuhi hiyohiyo, makaa mengine umeyatandaza chini, mengine umeanza kuyatia maguniani ili uyasogeze kivulini. Afande Austine akasema asiye na kibali cha ofisi haruhusiwi kuchoma. Ukamwuliza mbona malori yanapita hapo kila siku yamebeba miti mizima ya kukaushia tumbaku na hakuna anayeyasimamisha. Akawapungia askari mkono. Wakaanza kuyasomba yote, ya chini na ya maguniani. Ndipo uliposema, nami nilisikia kwa masikio yangu mawili: "Wacheni hiyo. Hiyo makaa haijalala." Askari wakacheka. Austine akasema, "Mama, italala stoo." Ukanitazama mimi. Mimi nikatazama karatasi yangu.

Kabla hakujapambazuka stoo ya ofisi ilikuwa imeungua yote.

Sasa Mkubwa anasema ulificha moto ndani ya magunia makusudi, ukanyamaza kimya. Anataka karani aliyekuwepo aandike taarifa kwamba hukutamka neno lolote. Karani aliyekuwepo ni mimi. Bado sijaandika. Nimesingizia macho yananiuma.

Kuna jambo jingine kuhusu stoo ile, lakini hilo siwezi kuliweka kwenye karatasi.

Shangazi, nakusihi, mwombe msamaha. Sema hukujua. Labda atalegea. Kazi hii nimeipata Septemba tu, na dawa za Mama zinatoka humo.

Mwanao,
Hamud


Kendu Bay,
26 Februari 1996

Mwanangu Hamud,

Wa alaykum salaam, na Idi njema ingawa imeshapita. Barua yako ilifika inanuka omena mpaka paka wa Hibo akaja kuilamba. Nimeichoma kama ulivyotaka. Nilikuwa na chetezo tayari kwa ajili ya Idi, kwa hiyo nikaitia humo pamoja na ubani. Maneno yako yote ya hofu yamepanda juu yananukia. Hayajawahi kupata heshima hiyo.

Huku tuko salama. Hibo ameshona nguo za Idi usiku na mchana, na zote amezinyoosha kwa pasi ya makaa kwa sababu umeme wa hapa unakuja kama mgeni, haukai. Mwambie mume wa Idil kwamba jina lenye kesi angalau linajulikana. La kwake nani analijua?

Sasa hilo la msamaha. Hapana.

Kwa kuwa umeniomba kwa adabu, nitakujibu kwa urefu. Chai ya huyo Mkubwa wako ya saa nne inachemshwa kwa nini? Na shati analokuja nalo ofisini, lile la kola ngumu? Mtoto wake akiharisha, mkewe anasaga nini na kumkorogea kwenye maji? Ubao anaosomea huyo mtoto umepakwa weusi wa nini? Mtungi wa maji yake ya kunywa, chini kabisa, chini ya mchanga, kuna nini? Watu wakitaka kumtukana mtu wanamwita mweusi kama makaa, halafu jua likishuka wanatuma mtoto kwangu na debe. Hawa ndio niwapigie magoti?

Na unataka niseme sikujua. Mimi nachoma tangu mume wangu alipofariki. Najua moshi ukiwa mzito na mweupe mti bado unatoa maji, na ukiwa mwepesi wa buluu basi umeiva, funga matundu. Najua makaa yakitoka tanuruni yanabaki na moto tumboni usiouona. Lazima uyatandaze, uyafunike udongo, uyaache yalale usiku mzima na mchana wake. Ukiyarundika kwenye chumba mapema yatajiwasha yenyewe, wala hayahitaji kiberiti. Niliwaambia. Nikienda leo kusema sikujua, kesho nani atanunua kwangu? Watu watasema Kultum hajui hata kulaza makaa.

Wewe umesoma kuliko sisi wote. Lakini umeniandikia kwamba kuna jambo kisha ukafunga mdomo. Usinifanyie hivyo. Kama ni baya niambie, na kama hutaki kuniambia usinionjeshe.

Macho yako yapone.

Shangazi yako


Migori,
20 Machi 1996

Shangazi yangu,

Salamu nyingi. Mtoto wa Idil ameitwa Kultum. Mumewe alipoona amezaliwa na sauti kuliko ya mwadhini, alikubali mwenyewe. Mama alilazwa siku chache kwa sababu ya presha, sasa yuko nyumbani na ameanza kugombana na majirani, kwa hiyo tunashukuru.

Huku kumetokea jambo ambalo nadhani utalicheka. Mimi sikuweza.

Wiki mbili zilizopita tulifika kazini tukakuta ukuta wa mbele wa ofisi umeandikwa kwa makaa, herufi ndefu kama mtoto wa darasa la pili: MAHINDI YETU IKO WAPI. Mkubwa akamwamuru Afande Austine apake chokaa. Austine akapaka. Chokaa ilipokauka maneno yakarudi, sasa ya kijivu, yanasomeka vizuri zaidi. Akapaka tena. Kesho yake yakaonekana ukuta wa nyuma, ambao haukuwa na maneno.

Mkubwa akakasirika akasema aliyeandika lazima ana mikono myeusi. Akawatuma askari sokoni wakague mikono ya watu, na kila mwenye weusi aletwe.

Shangazi, sokoni! Saa nne asubuhi! Kila mtu anapika. Walianza na Zilpah, yule wa mandazi. Akawanyooshea mikono yote miwili.

"Angalia vizuri, afande. Ulikula mandazi ya hii mikono jana, haukuuliza ilikuwa imeandika nini."

"Mama, panda gari."

"Napanda. Lakini na ya mke wako umeangalia? Ama nyinyi mnapika na maombi?"

Wakajaza lori, wakalirudisha, wakalijaza tena. Wauza chai, wachoma mahindi, mshona viatu, hata shemasi mmoja aliyekuwa anapuliza jiko la mkewe. Waliketishwa barazani kwetu, na hakukuwa na maji ya kunawa, kwa hiyo wakaegemea ukuta. Walipoachiliwa jioni ukuta wote ulikuwa na viganja vyeusi, vikubwa na vidogo, kuanzia chini hadi anapofika mtu mrefu. Austine alisimama na ndoo yake ya chokaa, akatazama, akaiweka chini.

Sasa lile jambo. Nimekaa nalo tangu Januari. Nitaliandika mara moja.

Mahindi wanayoyauliza ni yale ya msaada, yaliyoletwa kwa watu waliokosa mavuno. Yaliingia stoo mwaka jana na hayakugawiwa. Baada ya moto, Mkubwa alipeleka taarifa Nairobi kwamba yote yaliteketea, shehena nzima. Asubuhi ile ya moto aliniambia mimi nisimamie kufagia. Nami nikashika fagio nikafagia pia.

Punje ya mahindi ikiungua inabaki punje. Inakuwa nyeusi, inakuwa makaa, lakini umbo lake halipotei. Mtu yeyote aliyewahi kuangusha punje jikoni anajua. Gunia likiungua katikati, yanabaki yameshikana mabonge. Nilichekecha jivu lile kwa vidole. Nilipata bawaba za mlango, rimu za baiskeli walizonyang'anywa watu, na makaa yako. Mahindi sikuona. Hata punje moja.

Hayakuungua, Shangazi. Hayakuwemo. Yalikuwa yametoka zamani, na mtu aliyeyatoa alikuwa anatafuta moto. Askari wakamletea wako.

Kwa hiyo hataki msamaha wako. Anataka uwe uliwasha makusudi, kesi iishe haraka, mtu asije kuuliza stoo ilikuwa na nini. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi ujao kuweka sahihi. Choma na hii.

Hamud


Migori,
14 Aprili 1996

Shangazi,

Hamjambo huko? Mimi mzima. Mvua imeanza.

Mama Jedidah amekwenda Kendu Bay na kurudi mara mbili, na mara zote mbili anasema alikuona, uko salama, na hukumpa kitu. Nikimwuliza zaidi anajifanya anahesabu omena. Je, barua yangu ya Machi ilifika mkononi mwako au mkononi mwa mwingine? Kama nimekuudhi sema umeudhika. Nitafurahi hata kwa tusi.

Hamud


Kendu Bay,
29 Aprili 1996

Mwanangu Hamud,

Salamu. Barua zako zote zilifika.

Sisi wazima. Magugu yamefunika maji upande wetu wa ziwa mpaka watu wa mitumbwi wamekaa nyumbani, na samaki amekuwa wa matajiri. Hibo amepata cherehani ya pili. Mpe Mama pole, ale chumvi kidogo.

Nimeamua. Tarehe kumi Juni, hakimu akinisomea shtaka nitasema ni kweli. Niliweka moto nikanyamaza. Wewe andika wanachotaka, weka sahihi yako, uendelee na kazi. Mimi nimezeeka na nimechoka kubishana.

Usiniulize sababu. Usije kortini siku hiyo. Haya ya mahindi yafute kichwani.

Kultum


Kisegi,
19 Mei 1996

Shangazi yangu,

Assalamu alaykum wewe na Hibo. Hii unaweza kumsomea, tena kwa sauti. Mama yuko Kehancha kwa Idil. Nilimpeleka mwenyewe, na siku ya kwanza tu alimwambia mume wa Idil kwamba hajui kuwasha jiko. Mtoto ameanza kukaza shingo.

Nilisoma barua yako nikajua haikuandikwa na wewe. Mkono ni wako, ndiyo. Lakini wewe uchoke kubishana? Ulibishana na imamu juu ya sanda ya mume wako. Nikaenda kwa Mama Jedidah nikakaa karibu na beseni lake, nikamwambia siondoki. Alikuwa amekuapia atanyamaza. Alivumilia mpaka wateja walipoanza kuniuliza bei. Mwishowe akasema:

"Nyathina, mtoto wangu, unaniharibia biashara. Gari ya ofisi yenu ilikuja Kendu Bay. Huyo mkubwa mwenyewe, mnene, alikaa kwa kiti ya Hibo kama amekuja kupimwa suti. Akamwambia shangazi yako, ukikubali, kijana anabaki na kazi. Ukikataa, tutasema ni karani alikupea ufunguo ya stoo, mkaichoma pamoja. Mtaingia ndani wawili. Mimi nilikuwa hapo mlangoni na omena yangu. Shangazi yako hakusema kitu. Sijawahi kumwona hajasema kitu."

Kwa hiyo ndiyo hiyo sababu uliyonikataza kuuliza. Umekubali kuitwa mchomaji wa stoo ili mimi niitwe karani.

Siku iliyofuata Mkubwa aliniita, akafunga mlango. Taarifa ilikuwa mezani imeshapigwa chapa, imebaki nafasi ya sahihi. Nitakuandikia tulivyosema, kwa sababu sitaki mtu mwingine akuhadithie vibaya.

"Hamud, wewe ni msomi. Soma uweke sahihi. Mwezi ujao nakupandisha uwe karani mkuu."

Nikasoma. "Mzee, hapa imeandikwa hakusema neno."

"Kwani alisema?"

"Alisema makaa hayajalala."

"Hiyo ni lugha ya wachoma makaa. Hakimu hawezi kuielewa."

"Nitamweleza."

Nikashika ukingo wa meza. Nikasema, "Na ya mahindi, mzee, nitamweleza pia."

Hakupiga kelele. Ningependelea apige. Akatabasamu akauliza, "Mama yako bado anatumia zile dawa?"

"Bado."

"Zinatoka wapi?"

"Kwa mshahara wangu."

"Basi."

Nikaweka ufunguo wa ofisi juu ya ile taarifa yake, nikatoka. Nilipofika nyuma ya choo nikatapika. Naandika hilo ili usije ukawaambia watu huko kwamba Hamud amekuwa simba. Sijawa. Hata sasa mtu akibisha hodi moyo unaruka. Lakini nimegundua kwamba mtu anaweza kukataa huku anatetemeka, na kukataa kwenyewe hakupungui.

Kutoka pale sikurudi nyumbani. Nilikwenda Homa Bay mjini kwa wakili, mama mmoja mkali kidogo kama wewe. Nikaapa mbele yake. Niliapa kwamba ulisema, nikaandika maneno yako yenyewe kama ulivyoyatamka, na jibu la Austine. Niliapa kwamba nilichekecha jivu na sikukuta punje. Karatasi hizo zimeshapokelewa kortini, na jina langu limeandikwa kuwa shahidi wako. Hakuna wa kuzirudisha, hata mimi nikiingiwa na woga kesho.

Jivu lenyewe bado limerundikwa nyuma ya ofisi, na wakili ameomba korti imtume mtu alichekeche mbele ya watu. Niliogopa Mkubwa atamwaga pale mahindi yaliyochomwa, ionekane yalikuwemo. Lakini Zilpah amehamisha jiko lake la mandazi hatua chache kutoka kwenye lundo, na wenzake wa sokoni wanapokezana, mchana na usiku. Askari walipowafukuza waliondoka upande mmoja wakaja kuketi upande wa pili. Nasikia Austine ananunua mandazi pale kila asubuhi na hawafukuzi.

Sasa nisikilize, Shangazi, maana hii ndiyo sababu ya barua. Ukisimama tarehe kumi ukasema ni kweli uliwasha, hutakuwa umeniokoa. Hakimu atakuwa na kiapo changu mkononi kinachosema si kweli. Utakuwa umemwambia kwamba mtoto wa kaka yako ameapa uongo, na hapo nitafungwa kweli, tena kwa neno lako. Nilifanya hivyo makusudi. Nilikufungia njia. Nilijua ukinisikia naomba hutakubali, kwa hiyo sikuomba. Chuki yako nitaivumilia. Utasema si kweli, utasema uliwaonya, na utalisema kwa ile sauti aliyozaliwa nayo mtoto wa Idil.

Mkitaka kunipata, msipige simu ofisini, na msimtume mtu nyumbani Migori, kuna mtu wa Mkubwa anayekaa mkabala akiangalia nani anaingia. Niko Kisegi. Mkishuka sokoni ulizieni duka la Abdirashid, anauza nyavu na mafuta ya taa, ni rafiki wa marehemu baba na unamkumbuka kwa meno. Msitaje Hamud. Semeni mnamtafuta yule anayefundisha watoto hesabu. Mkikuta duka limefungwa ni wakati wa sala, kaeni kwenye benchi, atarudi. Neno la haraka mpeni wakili, chumba chake kiko juu ya duka la dawa, ngazi ya nyuma. Siku ya kesi nitafika asubuhi mapema nikae benchi la mashahidi, nimevaa shati jeupe, na Abdirashid atakuwa nami. Mkiona hakimu ameingia na mimi sipo, mwambieni wakili papo hapo, kisha anzeni kunitafuta vituo vya polisi, cha Homa Bay mjini kwanza. Msianze na hospitali, mtamtia Mama hofu bure.

Hamud